Mgunga si Acacia tena? Jibu kwa mwalimu mwenye vibao vya miti

*"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari, Dodoma. Mwaka huu klabu yetu ya mazingira imeamua kuweka vibao vya bati kwenye miti ya shule, na fundi ameshaandika nusu. Kwenye migunga tumeandika Acacia, familia Mimosaceae. Kwenye mikrismasi na mkwaju tumeandika Caesalpiniaceae. Juzi kijana niliyemfundisha, sasa yuko chuo, alipita akacheka. Anasema Acacia ya Afrika haipo tena, Mimosaceae imefutwa, na DNA imethibitisha kwamba vitabu vyetu vilikosea. Naomba kuuliza: DNA ya mti inajuaje undugu? Kama majina yanageuka kila leo, nifundishe lipi? Na huu mgunga wa nyuma ya maabara, wenye miba mirefu iliyonyooka na mingine mifupi iliyopinda, ni Vachellia au Senegalia? Nikituma jani lake maabara ya DNA watanijibu?"*

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa bati zilizokwisha kuandikwa. Nahisi rangi si tatizo lako kubwa. Kinachouma ni kusimama mbele ya darasa ukijua kwamba makundi matatu ya mikunde uliyoyafundisha miaka yote, na pengine wewe mwenyewe uliyakariri ukiwa kidato cha sita, sasa yanachekwa na kijana uliyemfundisha kutaja petali na sepali. Nianze na yeye. Kwa majina, kijana yuko sawa. Kwa sababu, amekosea kidogo. DNA haijui jina la mti wowote, wala haifuti familia. Inaonyesha nani ametoka kwa nani, basi. Majina tunayatoa sisi kwa kanuni tulizojiwekea, na mara nyingine kwa kura, tena kura zenye kununiana kama uchaguzi wowote. Ukichanganya mambo hayo mawili utadhani sayansi inayumba, kumbe nusu ya mabadiliko unayoyaona ni uamuzi wa watu.

Tunazungumzia jamii ya mikunde, Fabaceae. Ukiingia sokoni Majengo asubuhi, umeingia ndani yake: maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe, ukwaju kwenye vifuko. Ukitoka nje unaegemea mjohoro, na kiti cha mninga ulichokikalia ofisini nacho ni wa ukoo huo. Ni familia ya tatu kwa ukubwa kati ya mimea inayotoa maua, baada ya familia ya alizeti na ile ya okidi, ikiwa na spishi zipatazo 19,500. Zote karibu zinatambulika kwa ganda. Kwamba ni familia moja, hilo halijawahi kutikiswa na DNA, lilithibitishwa. Ugomvi ulikuwa wa ndani ya nyumba: vyumba vigawanywe vipi.

Ugawaji wa zamani ulifuata ua. Ua lenye sura ya kipepeo, kama la kunde au mninga, kundi la kwanza. Maua madogo madogo yaliyosongamana, yenye nyuzi nyingi za stameni zilizochomoza hadi yanaonekana kama kibonge cha pamba au brashi ya kusafishia chupa, kama mgunga na mlusina, kundi la pili. Yaliyobaki, yasiyo kipepeo wala kibonge, yakawa kundi la tatu: mkrismasi, mjohoro, mkwaju, mkongo ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, na miti yote inayotupa jina la miombo. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilitolewa kwa mpangilio huo: sehemu ya migunga mwaka 1959, ya kundi la tatu mwaka 1967, ya vipepeo mwaka 1971. Wengine waliyaita makundi hayo nusufamilia, wengine wakayapandisha kuwa familia kamili, ndiyo maana vitabu vyako vina Mimosaceae na Caesalpiniaceae.

Tazama lile kundi la tatu vizuri. Limeundwa kwa kile lisichokuwa nacho. Ni kama mtu wa pwani anavyosema "watu wa bara". Msukuma, Mhehe, Mchaga na Mkurya wote ni wa bara machoni pake, lakini hilo halielezi chochote kuhusu undugu wao. Linaeleza tu kwamba hawakuzaliwa pwani. Wataalamu walishuku jambo hili muda mrefu kabla mtu yeyote hajasoma herufi moja ya DNA. Walikosa namna ya kulithibitisha.

Sasa swali lako la kwanza. Nitakujibu kwa kitu unachokifahamu kuliko mimi: kusahihisha mitihani.

Umekusanya karatasi 40. Wanafunzi 30 wameandika kwamba usanisinuru hufanyika kwenye kloroplasti. Je, wameibiana? Huwezi kujua, kwa sababu jibu ni sahihi na kila mmoja anaweza kulipata kwa kusoma. Lakini watatu wameandika "koroplasiti", na hao hao watatu wameruka swali la saba, na hao hao wamechora mzizi ukielekea juu. Hapo hauhitaji shahidi. Kufanana katika yaliyo sahihi hakukuambii kitu. Kufanana katika makosa yasiyo ya kawaida ndiko kunakokuonyesha nani alikaa karibu na nani. Na ukigundua kwamba wawili kati ya watatu wana kosa la ziada ambalo wa tatu hana, unajua na mpangilio: wa tatu alinakili mapema au alinakili mahali pengine, wale wawili wana chanzo chao cha karibu zaidi.

DNA ni mtihani ulionakiliwa mamilioni ya mara, mzazi kwa mtoto, kwa herufi nne: A, T, G na C. Mara chache sana herufi moja inanakiliwa vibaya na kosa halisahihishwi. Mmea unaendelea kuishi, unazaa, na watoto wote wanarithi kosa hilo. Baada ya miaka milioni kadhaa ukoo ule unapogawanyika kuwa spishi kumi, zote kumi zinabeba kosa la babu yao. Sisi tunatafuta makosa ya pamoja. Si asilimia ya kufanana kwa jumla, kama wengi wanavyodhani. Ni makosa ya pamoja.

Utaniuliza, unajuaje lipi ni kosa na lipi ni la asili, wakati karatasi ya babu haipo? Tunamleta mwanafunzi wa shule nyingine. Kwa mikunde tunachukua mimea ya familia jirani iliyo nje ya mikunde, tunaiweka kwenye meza moja na mingine. Herufi waliyonayo jirani na baadhi ya mikunde, hiyo yaelekea ndiyo ya zamani. Iliyoko kwa mikunde wachache tu, hiyo ndiyo mpya.

Na kuna tatizo ambalo wewe pia umekutana nalo: wanafunzi wawili wasiojuana wanaweza kukosea neno lile lile kwa sababu ni gumu. Herufi za DNA ni nne tu, kwa hiyo kugongana kwa bahati kupo. Dawa yake ni kutazama herufi nyingi na spishi nyingi, kisha kuupima mti wa ukoo uliopatikana. Kompyuta huchota nafasi za herufi kwa kubahatisha, inajenga mti upya, mara mia au elfu. Tawi linalojitokeza karibu kila mara tunaliamini. Linalotokea nusu ya mara, tunalichora kwa penseli.

Herufi zenyewe zinatoka wapi? Kwa mikunde, kazi kubwa ilifanywa na jeni moja iitwayo matK, iliyomo ndani ya kloroplasti, yenye urefu wa herufi 1,500 hivi. Inabadilika kwa kasi inayofaa: si polepole hadi kila mmea ufanane, si haraka hadi alama zifutane. Ila kuipata ni kazi ya mikono. Mara ya kwanza nilipojaribu na jani la mgunga nililisaga kwenye kinu kidogo cha kauri, nikatia maji ya chumvi yenye sabuni kama nilivyozoea kwa majani ya maharage. Dakika chache tu, uji wa kijani ukageuka kahawia kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nilipomimina spiriti baridi, badala ya nyuzi nyeupe nikapata kamasi. Migunga imejaa tanini na utomvu, na vyote hung'ang'ania DNA. Aliyenikuta nalia, fundi wa maabara wa siku nyingi, aliniambia nikachume majani machanga, niyakaushe siku hiyo hiyo kwa vile vijiwe vya kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Ikakubali. (Jaribu na wanafunzi wako kwa kitunguu au ndizi mbivu: sabuni ya maji, chumvi, chujio, spiriti iliyokaa kwenye friji. Nyuzi nyeupe zinaonekana kwa macho. Usijaribu kwa mgunga.)

Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa mikunde kutoka nchi nyingi, wakitumia matK ya jenasi (yaani makundi ya spishi ndugu) 698 kati ya 765 zilizokuwa zikijulikana na spishi 3,696, walitoa mpangilio mpya ambao ndio unaotumika sasa. Familia ni moja, nusufamilia ni sita.

Vipepeo wamebaki mahali pao, Papilionoideae: maharage, karanga, mpingo, mninga, spishi karibu 14,000. Lile kundi la "watu wa bara" limevunjika. Mkwaju, mkongo, msandarusi na miti ya miombo wamekwenda kwenye nyumba yao, Detarioideae. Miti yenye jani lililopasuka katikati kama kwato ya ng'ombe, ile tunayoipanda kwa mapambo kwa jina la Bauhinia, ni Cercidoideae. Kuna Dialioideae, ndogo. Kuna Duparquetioideae, yenye spishi moja tu duniani, mtambazi wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati; mmea mmoja umepewa nusufamilia nzima kwa sababu haukupata ndugu popote. Waliobaki, mkrismasi na mjohoro na wenzao, wameendelea kuitwa Caesalpinioideae.

Na migunga? Migunga imekutwa ndani ya Caesalpinioideae. Vile vibonge vya stameni vilichipuka kwenye tawi moja la ukoo wa mikrismasi, vikashamiri. Kuiita familia yake mwenyewe, Mimosaceae, ni sawa na kumtoa mtoto mmoja kwenye nyumba kwa sababu ana nywele tofauti, halafu kuwaita waliobaki ukoo kamili. Mwaka 2024 tawi hilo limepangiwa daraja la chini zaidi kwa jina la Mimoseae. Daraja hilo kwa lugha ya wataalamu ni "kabila", na mimi hucheka kila nikilitamka darasani.

Lililonishangaza mimi zaidi ni jingine. Kwenye vibao vyako umeandika mkrismasi na mkwaju ni wa kundi moja. Kwa mujibu wa DNA, mkrismasi ni ndugu wa karibu zaidi wa mharage kuliko wa mkwaju. Simama chini ya mkwaju, tazama jani lake lenye vijani vidogo vingi, kisha tazama jani la mkrismasi, macho yatakataa. Na mimi yalikataa. Lakini matokeo hayo yamerudiwa kwa jeni nyingi, zikiwemo za kwenye kiini cha seli, na yamesimama.

Kama ungeniambia haya ni mambo ya wakubwa wa vyuo, nisingekubali, na hapa ndipo ningetaka wanafunzi wako wasikilize. Sote tumefundishwa kwamba mikunde hurutubisha udongo, kwamba mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Si kweli kwa familia nzima. Ukiweka jambo hili juu ya mti wa ukoo wa DNA, linapangika: vinundu vipo kwa vipepeo wengi sana, kwa wengi wa tawi la migunga, na kwa wachache wengine wa Caesalpinioideae. Detarioideae, Cercidoideae, Dialioideae na Duparquetioideae hawana. Mkwaju hauna kinundu. Mkrismasi hauna. Mjohoro, ambao nimeuona ukipandwa kwenye mipaka ya mashamba kwa matumaini ya kurutubisha mahindi, hauna. Ni kuni nzuri na kivuli kizuri, lakini naitrojeni haukamati. Chimbeni mzizi mchanga wa kunde na mzizi mchanga wa mjohoro, viwekeni mezani, na somo limekwisha.

Miti ya miombo nayo, kwa kuwa haina vinundu, imefunga ndoa nyingine: mizizi yake hushirikiana na kuvu wa ardhini. Ndiyo maana masika, ukipita barabara za Tabora au Iringa, kina mama wamepanga uyoga mwekundu na wa njano kwenye visahani. Sehemu kubwa ya uyoga ule unaota pale kwa sababu ya ushirika huo na mizizi ya miti ile, na ukikata miti uyoga unakwisha. Huu wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, wenzi wake ni mchwa.

Turudi kwenye Acacia, kwa sababu hapa kijana wako amechanganya kuliko kwingine kote.

Jenasi Acacia ya zamani ilikuwa na spishi zaidi ya 1,300 Afrika, Asia, Amerika na Australia. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Australia, Leslie Pedley, alipendekeza igawanywe, akitumia miba, maua, mbegu na chavua. DNA hata haikuwepo mezani. Ilipokuja miaka ya baadaye ikakuta mgawanyiko ule ni wa kweli, na ikaongeza: zile za Australia hazina undugu wa karibu na migunga yetu. Ndugu zao wa karibu wako upande wa miti ya aina ya mkenge. Hapo ilibidi ama kuigawa Acacia, ama kuimezesha mikenge na mingine mingi hadi jina likose maana. Kuigawa kulikuwa lazima. Hilo ndilo DNA ilisema.

Lakini nani abaki na jina? DNA haikuulizwa. Katika kanuni zetu, jina la jenasi limefungwa kwenye spishi moja, kama mbuzi kwenye kigingi. Popote kigingi kilipo, jina liko hapo. Kigingi cha Acacia kilikuwa mgunga wa mto Nile, ule ambao Wagiriki wa kale waliuita akakia. Kwa hiyo jina lilikuwa letu. Waaustralia wakahesabu: wao wana spishi karibu 1,000 za kubadilisha, Afrika hazifiki 200. Wakaomba kigingi kihamishwe. Kwenye mkutano wa dunia wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 suala likapigiwa kura. Waliopinga walikuwa kama asilimia 55, ila kwa utaratibu uliowekwa zilihitajika asilimia 60 kuliangusha pendekezo lile. Likapita. Mwaka 2011, Melbourne, likathibitishwa. Kigingi sasa kiko Australia, na migunga yetu imerudishiwa majina mawili yaliyokuwa yamelala vitabuni: Vachellia ya mwaka 1834 na Senegalia ya mwaka 1838.

Mimi ni mmoja wa walionuna. Bado nadhani haikuwa haki, na wengi Afrika Mashariki hawajalimeza. Lakini nimekubali kuandika majina mapya, kwa sababu kanuni ikivunjwa na kila aliyenuna hatutaelewana tena. Kituko chake ni hiki: leo ukitaka kuona Acacia halali Tanzania, nenda Njombe au Lushoto kwenye mashamba ya miwati. Mti wa kuletwa kutoka Australia, Acacia mearnsii, ndio uliobaki na jina.

Usifikiri sasa kwamba naisujudia DNA. Kloroplasti katika mimea mingi hurithiwa kwa mama peke yake. Spishi mbili zikichanganya damu, matK itakusimulia habari za upande mmoja wa ukoo na kukaa kimya kuhusu mwingine. Ndiyo maana sasa hutumika mamia ya jeni za kwenye kiini pia. Pia zile nusufamilia sita zilitengana karibu kwa pamoja, zamani sana, karibu na wakati dinosaria walipotoweka, na matawi yanayotengana haraka namna hiyo huacha makosa machache ya pamoja, kwa hiyo mpangilio wa mwanzo kabisa ni mgumu kusoma. Na kuna uzembe wa kawaida: sampuli yenye kibandiko cha mti mwingine. Niliwahi kusubiri wiki tatu matokeo ya mgunga, yalipokuja yalikuwa ya ukungu uliokuwa ukiishi ndani ya jani. Kompyuta haikushtuka hata kidogo.

Kwa darasa lako basi. Mtihani wa taifa ukiuliza makundi matatu, wafundishe makundi matatu, usiwakoseshe vijana alama kwa ajili ya ugomvi wa Vienna. Kwa kutambua mti shambani, ua la kipepeo na ua la kibonge bado ni msaada mkubwa. Ila waambie wazi kwamba hiyo ni njia ya kutambua, undugu ni jambo jingine, na uwape mfano wa mkrismasi na mharage. Kidato cha tano na sita wanaumudu ule mfano wa kunakili mtihani, nimeujaribu.

Kwenye bati, jina la Kiswahili liwe juu, kwa herufi kubwa, na la Kigogo chini yake kama wazee wa hapo wanalijua. Hayo hayakupigiwa kura na mtu. Kisha jina la kisayansi jipya, na la zamani pembeni kwa neno "zamani", ili anayetumia kitabu cha 1959 asipotee. Familia andika Fabaceae kwa yote. Ukikuta Leguminosae usifute, nalo ni jina halali la familia hiyo hiyo. Nusufamilia ningeziacha nje ya bati. Na angalia kibao cha mjohoro: kama fundi kaandika Cassia siamea, sasa ni Senna siamea, na mabadiliko hayo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalitokana na maua na maganda tu.

Mgunga wa nyuma ya maabara. Maelezo yako ya miba yananipeleka kwenye Vachellia tortilis, ule wenye kichwa bapa kama mwavuli, lakini sitaki kuapa kwa maneno ya barua. Nenda uutazame kwa karibu. Miba ya Vachellia ni vijani viwili vya tako la jani vilivyogeuka kuwa miba, kwa hiyo utaikuta miwili miwili, mmoja kila upande wa mahali jani linapoota. Kwa kawaida imenyooka, ila tortilis huchanganya mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda, na ndiyo inayowachanganya watu. Miba ya Senegalia ni ya ngozi ya tawi, kama ya waridi: imepinda kama kucha ya paka. Kwa Senegalia senegal, ule ambao baadhi ya watu huuita kikwata na hutoa gundi ya kutafuna, huwa mitatu pamoja, wa katikati ukitazama chini. Ua litamaliza ubishi: la tortilis ni kibonge cha mviringo, cheupe, wakati Senegalia kwa kawaida hutoa maua marefu kama mkia. Na ganda la tortilis limejisokota kama springi. Mbuzi wa jirani wanalijua.

Maabara ya DNA isikugharimu fedha ya klabu. Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kutumia vipande viwili, rbcL na matK, kama alama ya kutambulisha mimea, na kwa majaribio yao vilitofautisha spishi kwa takriban asilimia 72. Migunga ya karibu karibu huangukia mara nyingi kwenye zile zilizobaki. Watakwambia "Vachellia", jambo ambalo miba ingekwambia bure. DNA ina thamani pale ambapo hakuna ua wala jani: ubao unaodaiwa kuwa wa mpingo, gogo lililokamatwa, unga wa dawa.

Unachohitaji, kama bado una shaka, ni mtu wa kuushika kwa mkono. Kata tawi la urefu wa dhiraa moja lenye majani, miba na maua. Rudi baadaye uchukue na maganda ya mti huo huo. Lilaze kati ya magazeti, juu yake ubao na mawe, badilisha magazeti kila siku hadi likauke. Andika tarehe, mahali, kimo cha mti, rangi ya gome, jina la wenyeji. Peleka kwenye hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa: ipo ya taifa Arusha, ipo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wana vielelezo vya miaka mingi vya kulinganisha, na wakikutana na kitu kisichofanana na chochote, hapo wao wenyewe ndio watakaotaka jani la DNA. Mti wa shule ni wako, lakini ukitoka kwenda kukata kwenye hifadhi, omba kibali kwanza.

Bati za migunga zirudi kwa fundi. Za mikrismasi abadilishe familia tu. Ya mkwaju afanye hivyo hivyo, asiguse jina: Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika Tamarindus indica mwaka 1753, na ndivyo unavyoitwa hadi leo.